Koti la Marehemu

Ait Uzru, 14 Februari 1987

Dada Tuda,

Salaam nyingi kama theluji ya paa letu, na hiyo theluji jana imenivunja mgongo kuiondoa. Hujambo? Kikohozi kimekuachia? Mama hajambo, ila magoti. Nyumbu hajambo, ila dharau. Kuku wanataga yai mojamoja, nami namuuzia mwalimu kwa bei ya dhahabu, namwambia yai la baridi linamrudishia mtu ujana. Ananunua! Na bado hajarudi ujanani.

Sasa kaa chini. Kondoo wako kazaa mapacha, majike wote wawili. Yule yule kondoo mmoja uliyerudi naye Haddu alipokuacha. Nikasema, haya, kundi la dada limeanza, mwakani anawaachia watu wa mjini cherehani zao, anarudi nyumbani. Asubuhi yake naingia zizini, namkuta mtoto mmoja tu.

Kijiji kizima wamezaa kondoo wawili mpaka sasa, wako na wa Haddu. Nikapita kwa Haddu kama mtu anayeomba moto wa sigara. Kondoo wake ananyonyesha, na yule mtoto kavaa koti, dada! Ngozi ya mwanakondoo mwingine, imefungwa kwa kamba tumboni. Hata mtoto mchanga wa huku anajua hiyo maana yake nini: wake kafa, kamchuna, kamvika wetu ili mama asikie harufu ya mwanawe.

Nikamwambia, "Haddu, hilo koti la marehemu yupi?"

"Marehemu gani? Kondoo wangu kazaa mmoja, ndiye huyo. Anaona baridi."

"Basi na mkeo mchunie mtu, naye anaona baridi."

Akanirushia jiwe. Ila Mungu si Haddu. Mbwa wetu Kadhi katoka bondeni na kitu mdomoni, kaja kukiweka mlangoni: mwanakondoo mzima, hana ngozi. Nimemfukia kwenye theluji nyuma ya nyumba, upande usioona jua. Niambie, nimtupie Haddu usoni leo, au nisubiri harusi yoyote ijayo, mbele ya watu wote?

Mdogo wako,
Akka

Meknes, 22 Februari 1987

Mdogo wangu Akka,

Salaam, na mbusu Mama magoti yote mawili. Mimi mzima. Kikohozi kipo, ila kinafanya kazi kama mimi.

Usimguse Haddu. Usimtukane tena, ulimi wako nitaukata na mkasi wa tajiri wangu. Ukimtupia ile maiti leo atacheka, atasema alikosea zizi gizani, atamrudisha mtoto, na watu watakunywa chai.

Unakumbuka aliponiacha? Alisimama mbele ya baraza la wazee akaapa kwamba mikufu yangu ya fedha na kondoo zangu ni vyake. Aliapa peke yake, wakamwamini. Sasa nataka aape tena. Nenda barazani, udai kiapo cha ukoo: yeye na wanaume watano wa damu yake, kwenye kaburi la walii, mkono juu ya mkono. Waape kwamba yule mtoto kazaliwa kwake. Waache waape wote, mpaka wa mwisho. Ndipo ufungue gunia.

Sitaki kondoo tu. Nataka maisha yake yote asipate tena mtu wa kuweka mkono juu ya mkono wake. Na kwa sasa mwache amlishe. Shayiri ni yake, maziwa ni yake.

Dada yako,
Tuda

Ait Uzru, 4 Machi 1987

Dada, we ni mtu wa kuogopwa!

Salaam. Mama anakusalimu, kakasirika hujala vizuri, kajuaje sijui. Nyasi kavu zimekwisha. Mbuzi tunawapa matawi, na jana wamekula godoro la mjomba, yeye akiwa kalala juu yake.

Baraza limekubali. Ijumaa ijayo kiapo. Haddu kacheka, kasema, "Naleta watano, na wa mwisho baba yangu, Mzee Bihi." Lile koti kalichoma zamani, mtoto sasa anamfuata yule mama kama mkia.

Shida yangu ni jua. Theluji inayeyuka, na marehemu wetu ataanza kunuka kabla ya kesi. Kila asubuhi napanda na nyumbu kwenye kivuli cha mlima, nashusha theluji magunia mawili, naifunika theluji kwa theluji. Majirani wanauliza, "Akka, unafanya nini?" Nawaambia naweka akiba, kiangazi nitawauzia. Wawili wameshaagiza.

Mdogo wako,
Akka

Meknes, 9 Machi 1987

Akka,

Salaam haraka haraka. Barua yako imefika leo, nampa dereva wa lori hii hapa, nimemwomba asilale njiani.

Simamisha. Mzee Bihi asiape. Wakifika kwake, fungua gunia kabla hajanyoosha mkono, hata kama Haddu ataponea hapo. Wewe ulikuwa mdogo, hili hukuliona. Siku niliyorudishwa, ndugu zake wote walijifungia ndani. Baba yake ndiye aliyekwenda zizini, akambeba kondoo mikononi, akatangulia mbele yangu kwenye theluji mpaka mlangoni kwetu. Akamwambia Mama, "Mwanangu hana haya, mimi ninayo." Yule kondoo kanipa yeye.

Mtu yule hajawahi kuapa uongo. Usinifanye nimwapishe mimi.

Dada yako,
Tuda

Ait Uzru, 14 Machi 1987

Dada Tuda,

Salaam. Theluji imeporomoka imefunga barabara, lori limekwama chini huko, barua zako sijui ziko wapi. Hii nitampa wa kwanza atakayeshuka. Mama hajambo, ila hasemi nami tangu jana.

Nimefanya kama ulivyosema. Haddu kaweka mkono kwenye jiwe la kaburi, wanaume wakapanga mikono yao juu. Wa mwisho Mzee Bihi. Akanigeukia, "Akka, una uhakika na dai lako? Maana mwanangu kaniambia ni wake, na mimi nimemwamini." Gunia liko katikati ya miguu yangu, dada. Nikatabasamu. Akaapa.

Nikafungua. Mikono ile iliondoka kama imegusa jiko. Binamu yake Haddu kamtemea mate viatuni. Baraza limesema hataapa wala kuapiwa tena mpaka kufa. Ningekuwa na ngoma ningepiga.

Ila Mzee Bihi kavua kilemba chake, kakikunjua, kamfunika nacho yule marehemu. Kasema, "Anaona baridi."

Jioni kaja kwetu kichwa wazi, kambeba mwanakondoo mikononi. Kamwambia Mama, "Mwambieni Tuda nimemletea tena." Chai kakataa.

Sasa sikia kichekesho. Kondoo wako hamtaki. Kamsahau, anampiga kichwa mpaka ukutani. Maziwa ya mbuzi hanywi. Ngozi ya kumvika sina, labda nimchune pacha wake. Natania. Kule kwa Haddu yule mama mwingine anaita, huyu anaitikia, na kijiji chote kinasikiliza.

Tumeshinda, dada. Niandikie basi nimpeleke wapi, maana anakonda, na sauti yake inapungua.

Mdogo wako,
Akka