Samaki wa Bwawa la Kiwanda

2 Februari

Mpwa wangu,

Salamu tele. Hujambo, na mama hajambo? Mimi mzima kama chuma cha reli.

Ujue unaandikiwa na mtu mkubwa. Tangu kile kiwanda cha betri kivunjwe na kiwanja chake kugeuzwa hifadhi ya ndege, haingii mtu humu mpaka nifungue geti mimi. Waziri alifika, akasimama juani akiningoja nimalize chai. Korongo wakiniona wanapanga mstari. Na bwawa limejaa samaki; kwa cheo changu navua nitakavyo, nawala asubuhi na jioni, ndiyo maana shavu linang'aa. Nimemtumia dada yangu kapu la wakavu. Likiisha aseme tu.

Mjomba wako, Bwana Hifadhi

20 Aprili

Shikamoo Mjomba,

Natumai u mzima. Huku si kuzuri. Kapu la tatu mama amelila karibu lote peke yake, eti zawadi ya kaka yake haigawiwi jirani. Sasa tumbo linamsokota, mikono imelegea, kikombe kinamponyoka. Jana aliniuliza mimi ni mtoto wa nani.

Daktari alitaka kujua anakula nini. Nikataja samaki, nikaongeza kwamba wewe unawala kutwa mara mbili na huumwi hata mafua. Akasema basi si samaki. Wiki ijayo wanampasua tumbo watafute, na hawaniahidi kitu. Mjomba, sina mwingine wa kumuuliza. Nifanyeje?

Mpwa wako

23 Aprili

Mwanangu,

Salamu tutapeana akipona. Nampa dereva wa basi barua hii akutie mkononi. Kimbia nayo kwa daktari. Wasimpasue.

Bwawa hilo ndipo kiwanda kilipokuwa kikimwaga maji ya betri. Pana kibao, "Marufuku kuvua", hata rangi nakipaka mimi. Nilidhani serikali inawatunzia ndege chakula chao. Nikasema, ndege wa serikali hawawezi kufa njaa kwa kapu moja la dada yangu.

Samaki waliobaki mpelekee daktari apime. Usimpe hata paka.

Atauliza mbona mimi sijaugua. Mwambie, ila umwambie pembeni, manesi wasisikie: sijaonja hata mmoja. Mtu mzima na ndevu zangu, naogopa miiba.

Mjomba wako