Kinga Yangu Haikuingia Chini ya Mti

Jumapili, baada ya Alasiri. Jua limepiga tangu asubuhi mpaka bati za nyumba zinalia, na mi nimejilaza kwenye mkeka, miguu juu ya mto. Miguu yenyewe haiishi, inapita mto na kugusa ukuta. Kila kiungo kinauma. Alhamdulillahi.

Wacha niandike kabla usingizi haujanibeba. Leo nimemaliza triatloni. Mi, ambaye shuleni walikuwa wananiita Antene.

Kwa mtu asiyejua: unaanza kwa kuogelea ziwani, ukitoka unapanda kinga, ndivyo tunavyoita baiskeli hapa Bujumbura, halafu unamaliza kwa kukimbia. Wakati unaogelea, kinga yako inakungoja pahali wanapoita parki. Na ni hapo parkini, kabla sijagusa hata tone la maji, ndipo siku yangu ilitaka kuharibika.

Urefu huu umenichosha tangu utoto. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na neno moja kwangu: inama kidogo. Watu wakipiga picha ya harusi, inama kidogo. Wageni wa posa wakija, kaa tu mwanangu, na ukilazimika kusimama, inama kidogo. Hakuwa mbaya. Aliogopa nitabaki nyumbani. Basi nyumbani nimebaki, na mgongo nao nimeupinda bure!

Kaka yangu Yusufu anatengeneza kinga hapa mtaani kwetu, Cibitoke. Mwaka jana goti langu lilikuwa likivimba kila nikiendesha. Siku moja akaniona napita mbele ya karakana yake, akapiga kelele wateja wote wakageuka: "We! Unaendesha kama chura!" Akatafuta bomba refu la chuma, akapandisha selle, kile kiti cha kinga, mpaka mguu wangu ukanyooka. Alisema miguu hawezi kunikata, lakini chuma anaweza kuongeza. Goti likanyamaza. Nikamwahidi kwamba selle ile sitaishusha kamwe.

Basi leo asubuhi tuko Kajaga, ufukweni. Vijana wa huko ndio walitengeneza parki: miti ya mikaratusi imelazwa juu ya nguzo za panda na kufungwa kwa vipande vya mpira wa tairi. Unapitisha kinga chini ya mti, unaining'iniza kwa pua ya selle, basi. Kipimo walichukua kwa kinga zao wenyewe, zile nzito za kubeba abiria, zenye selle ya chini ili mtu aweze kusimamisha miguu abiria akipanda. Kinga za watu wote ziliingia vizuri.

Yangu ikagonga.

Nikajaribu kwa mbele, nikajaribu kwa nyuma. Nikailaza ubavu nikaipitisha, nikaisimamisha tena, selle ikabaki juu ya mti, haina pa kushika, kinga ikaanguka juu ya ya jirani. Watu wakacheka. Mi pia nikacheka, kile kicheko cha kuficha aibu.

Komisere, yaani msimamizi wa parki, kijana mpole mwenye filimbi shingoni, akaja. Sheria ni moja kwa wote, akasema: kinga ining'inie kwa selle, isiegemee ya mwenzake, isilazwe chini. Isipokuwa hivyo wakati filimbi inalia, anachukua namba yangu na mi naenda kukaa na watazamaji. "Dada, shusha selle tu," akaniambia. "Ni kitu kidogo."

Ni kitu kidogo. Nilikuwa nimefanya mazoezi tangu baada ya Ramadhani, kila siku nikitoka kuswali alfajiri. Majirani wamenisema, mwanamke mzima anaenda kujitupa ziwani penye viboko, tena na kilemba kichwani. Nikishusha selle, goti litavimba kabla ya nusu ya njia na nitarudishwa nyuma ya gari. Nisipoishusha, sianzi kabisa.

Nakiri hapa, maana Yusufu hasomi blogu: nilitoa spana. Nikaanza kulegeza. Si kwa sababu ya sheria tu. Mkono wangu umezoea. Mtu akiniambia nishuke, nashuka, ndiyo adabu niliyokulia nayo. Machozi yalikuwa karibu na nilikasirika kwa kuwa yalikuwa karibu.

Pale pale, mwanamke wa nafasi ya pili kutoka yangu akanishika mkono. Mfupi huyo, kichwa chake kinafika kwenye kiwiko changu. Kinga yake ilikuwa imening'inia tairi zote mbili hewani, inabembea. Mama Kevine anaitwa, anatoka Buterere, kule chini kunakofurika mvua ikinyesha, na kinga hiyo siku zote inabeba mchele kupeleka sokoni.

"Weka hiyo spana chini, dada," akasema. "Mutu akishindwa kushusha selle, anashusha udongo."

Sikuelewa. Alishapiga magoti, anachimba mchanga kwa mikono miwili kama kuku anayetafuta chakula. Nikamwuliza anafanya nini, filimbi imekaribia, na yeye hata nguo ya kuogelea hajafunga vizuri.

"Sisi ba Buterere tunajua kuchimba," akajibu bila kuinua kichwa. "Mvua ikikuja, mi siwezi kuambia nyumba yangu ipande juu. Kwa hiyo ninachimba maji ipite chini. Kuja, usisimame tu kama poto ya umeme!"

Mi, nguzo ya umeme, nikapiga magoti pia. Tukachimba mfereji mwembamba chini ya mti, urefu wa kinga, mchanga unaingia kwenye kucha. Tukaingiza tairi zote mbili mferejini, kinga ikazama kidogo, selle ikashuka mpaka pua yake ikashika mti. Tkk. Ikatulia kama imezaliwa hapo.

Komisere akazunguka mara mbili. Akaangalia mti, akaangalia shimo, akajikuna kichwa. Halafu akacheka mpaka filimbi ikamtoka mdomoni. Sheria haisemi kitu juu ya mchanga, akasema, na akaenda zake.

Nilimkumbatia Mama Kevine pale pale, mchanga mwili mzima. "Urakoze cane," nikamwambia, asante sana, kwa Kirundi chake. Maishani mwangu watu wameniomba nipungue. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ameihamisha dunia kidogo ili nitoshe.

Mbio zenyewe? Ziwani mikono hii mirefu ilinisaidia, nilitoka mapema kuliko nilivyotegemea. Kwenye lami, Mama Kevine alinipita na kinga yake ya mchele, anapiga kengele, anaita, "Antene, kuja!" Nani alimwambia jina hilo sijui. Goti halikusema neno. Nilimaliza karibu na mkia, miguu imenyooka, na Yusufu alikuwa pale kwenye kamba ya mwisho wa mbio akilia waziwazi, halafu akadai ni vumbi.

Nimeacha kuandika hapa, nikaenda kuswali Magharibi. Nimerudi na mvua inapiga bati, ile nzito inayokuja bila kubisha hodi. Zamani nilikuwa nikiisikia nasema tu, heri, usiku utapoa. Leo nimefikiria kule chini.

Nimempigia Mama Kevine, namba alinipa tulipoagana. Nimemwuliza kama maji yameingia ndani.

Maji yamefika mlangoni, akasema, hayajaingia, lakini mfereji wa nyuma umejaa matope na kesho watauzibua. Halafu akasema, polepole: "Miaka yote niko huku, hakuna mutu wa mujini amenipigia simu juu ya mvua."

Kesho, inshallah, nikitoka kuswali alfajiri, nashuka Buterere na jembe.