Neno Ulilokuwa Ukiniitia Uwanjani

Waya,

Mwalimu wa Kiswahili anasema barua ya kirafiki huanza kwa kumjulia hali unayemwandikia. Hiyo sentensi nimeiandika na kuifuta mara mbili, shangazi yangu. Basi nianze na hali yetu: sisi ni wazima. Baba bado husahau, ananiambia, "Pelekea dadangu chai," halafu anajifanya alikuwa anajibu redio. Nyanya ulizopanda nyuma ya nyumba zimezaa mpaka tunagawia ploti nzima.

Sasa niungame. Ulipokuwa umelazwa kule hospitali ya Plateau uliniuliza, "Wanakuchezesha wapi?" Nikasema kiungo. "Sita ama nane?" Nikasema sita, namba yako. Ulicheka mpaka nesi akaja kuangalia kuna nini. Waya, nilikudanganya. Nilikuwa nimemwomba kocha anipeleke beki ya kulia, kwa sababu kule kando ya laini unaweza kumaliza mechi nzima bila kufungua mdomo.

Wewe ulijua vile naogopa sauti yangu. Jioni zile kwenye kiwanja cha vumbi huku mtaani kwetu Langas, mimi nikipokea mpira, wewe ndiye ulikuwa macho yangu ya nyuma. "Mtu!" maana yake nina adui mgongoni, nirudishe. "Peke yako!" maana yake hakuna anayenifuata, nigeuke niende. Zamu yangu ya kuita ikifika, nanong'ona, nawe unauliza: "Unaniambia mimi ama unaambia vumbi?" Halafu unanicheka: "Kiungo bubu ni kama nguzo ya stima. Amesimama tu katikati, watu wanamzunguka."

Ulinisimulia mechi yako ya kwanza na timu ya taifa, ugenini, kelele nyingi hata filimbi husikii. Mpira ukaja, na msichana mliyekuwa hata hamjazoeana akakuitia, "Peke yako!" Ukageuka, ukatoa pasi ya bao. Ulivaa jezi ya nchi miaka mingi baada ya hapo, mpaka goti likakurudisha Eldoret kuuza viatu vya mitumba, lakini ukiulizwa unakumbuka nini, ulitaja hiyo sauti.

Tulipotoka kukuzika, hilo neno likaniharibikia. Naosha vyombo, nalisikia: peke yako. Nafunga kamba za viatu: peke yako. Nikaacha mpira muhula mzima. Sikumwambia mtu sababu. Ningeanzia wapi?

Muhula huu nilirudi, beki ya kulia kama kawaida. Halafu Jumamosi, kwenye nusu fainali ya kaunti, sita wetu akateguka mguu. Kocha akauliza, "Nani anaweza katikati?" Mkono wangu uliinuka kabla sijauruhusu. Nilifikiria kile kitanda chako, na vile ulivyofurahia kitu ambacho hakikuwa kweli.

Nilianza vibaya. Chebet, namba nane wetu, alipokea mpira akiwa na mtu mgongoni, nami nikanyamaza. Akanyang'anywa, tukafungwa. Akanijia mbio: "Wewe, huo mdomo ni wa ugali tu?" Ningeweza kulia, lakini nilikaribia kucheka. Alisema kama wewe.

Kipindi cha pili akaja tena kuchukua mpira, ameligeuzia goli mgongo. Nikaangalia nyuma yake. Hakuna mtu.

"Peke yako! Geuka!"

Waya, sauti ilitoka kubwa, imekwaruza, kama yako ukiita wateja. Akageuka, akapiga, ikaingia! Penalti zikatutoa, lakini kocha hakutaka ile jezi ya sita niliyovaa irudi kwa mfuko wa timu. Nimeifua mwenyewe, iko kwa kamba.

Nikirudi nyumbani kwa miguu ndipo nilielewa. Hilo neno haliwezi kujisema. Ukilisikia, ujue kuna mtu amesimama mahali anakuangalizia mgongo. Miezi hii yote nimekuwa nikilisikia kwa sauti yako, na nikadhani ni kilio.

Kwa hivyo nilichokuambia hospitalini sasa ni kweli, kimechelewa tu. Na nakuahidi: nitaita. Kila mechi, hata nikiitia wasichana nisiowajua, hata sauti ikipasuka.

Nenda salama, Waya wangu. Nimekuangalizia, hakuna mtu nyuma. Geuka, uende.

Sita wako,
Atieno