Kebo ya Simiyu

Mzee Simiyu,

Huu ni mwezi wa nne tangu tukuzike, na bado nikisikia mtu akikohoa kwenye ngazi nageuka. Ofisi ni ile ile, orofa ya tatu hapa Westlands. Kirit bosi wetu bado anagombana na kiyoyozi, na mashine za kuchapa kule chini bado zinatetemesha sakafu. Kiti chako kimewekewa masanduku ya karatasi. Si mimi niliyeyaweka.

Seva yako ya Linux, ile uliyoisubiri mwaka mzima, ilinitesa ulipoondoka. Unakumbuka furaha yetu: kebo mbili kutoka kwenye seva hadi kwenye swichi ya mtandao, zimeunganishwa zifanye kazi kama moja, ili mabango makubwa ya wateja yafunguke upesi. Wapi! Wiki tatu watu wa usanifu walikaa wakitazama picha zikifunguka kwa kujivuta. Nilibadilisha mipangilio yote. Nikaizima, nikaiwasha. Mwishowe nikafanya ulichonifundisha siku ya kwanza, kuuliza kila kadi ya mtandao peke yake. Ya kwanza ikajibu elfu moja, kasi kamili. Ya pili ikajibu mia moja tu. Seva ilikuwa ikigawa mzigo kwa zamu, huku kidogo na kule kidogo, kwa hiyo kebo iliyo nzima ilikuwa ikiingoja ile inayochechemea.

Nilijua kabla hata sijaichomoa.

Wewe ndiye uliyenifundisha kubana nyaya nne tu kati ya nane, nne nyingine zibaki za kompyuta ya pili, kebo moja ihudumie watu wawili. Ofisi ngapi za mjini tuliziunganisha hivyo! Lakini asubuhi ile ulipokuwa ukienda hospitali, koti mkononi, uliniambia wazi: "Auma, hii mpya inataka zote nane. Usiniletee mambo ya kitambo." Nikaitikia. Kwenye droo nilikuwa na kebo tayari, ya mambo ya kitambo, na nilikuwa na haraka zangu za kijinga, nikaichomeka hiyo hiyo. "Umepima?" ukaniuliza. "Nimepima." Kipimo hata sikukigusa. Ukachukua kile kitabu cheusi, ambacho wewe mwenyewe ulikataza kebo yoyote ifungwe bila kuwekwa humo sahihi ya aliyeikagua, ukatia sahihi yako. Kwa neno langu tu. Hukurudi tena.

Kirit aliponiuliza tatizo lilikuwa nini, nilisema kebo. Akafungua kitabu, akaona sahihi yako. "Kumbe ni mzee! Ai, si alikuwa mgonjwa. Wacha tu." Hata hakukasirika. Angekasirika, labda ningesema. Alikifunga kitabu nami nikarudi kwenye meza yangu.

Sasa imekuwa msemo, Mzee. Kalamu ikikauka, hiyo ni kebo ya Simiyu. Chai ikiletwa baridi, kebo ya Simiyu. Wanacheka bila ubaya wowote. Nami nimecheka nao. Mara mbili.

Juzi Ijumaa mkeo, Mama Nekesa, alikuja kuchukua zana zako. Alivaa lile koti lako. Mlango wa stoo ukakwama, na dada wa mapokezi, asiyemjua, akapaza sauti: "Hata hii mlango ni kebo ya Simiyu!" Mama Nekesa akasimama na mfuko wake. Tulipofika kwenye ngazi akaniuliza, "Auma, hao watu wanasema nini juu ya mzee?" Nikamjibu, "Wanamkumbuka, Mama." Akanishika mkono, akanishukuru. Akasema ulikuwa ukinisifu nyumbani, kwamba kazi yangu haina haja ya kurudiwa.

Tangu hapo sipumui vizuri. Nikiingia kwenye chumba cha seva, kitabu kiko pale rafuni. Nikitoka, jina lako liko midomoni mwa watu. Kila nikitaka kusema naona nimeshachelewa, na kila siku ninayonyamaza nachelewa zaidi. Hakuna aliyenifungia humu. Nimejifungia mwenyewe, na wewe nimekufungia pamoja nami, wewe usiyeweza hata kujitetea. Naona aibu. Na nimekukumbuka mno, hata makaripio yako.

Leo ni Jumapili. Kesho kabla ya mkutano wa asubuhi nitafungua kitabu mbele ya wote, nikate sahihi yako kwenye mstari ule na kuandika jina langu. Kirit akitaka kunifukuza, anifukuze. Kisha nitaenda nyumbani kwako Kangemi na ile kebo mkononi, nimwambie Mama Nekesa ana kwa ana ni nani aliyeibana.

Lala salama, Mzee wangu. Ila ahadi hii usiitie sahihi kwa neno langu. Ngoja kwanza nifanye.

Wako,
Auma