Orrin Yuko Gereji

Nyumba Na. 418,
Mtaa wa Palo Verde,
Mesa, Arizona.
9 Septemba 2019

Mpendwa mdogo wangu Arlys,

Salamu zangu zikufikie huko Minnesota ukiwa kwenye kiti chako karibu na dirisha la jikoni, mguu juu ya stuli kama daktari alivyoagiza. Nyonga inaendeleaje? Uliniandikia kwamba umeanza kutembea bila fimbo, nami nimefurahi, ila nakujua. Usijifanye msichana ukapanda ngazi kuchuma matufaha. Shemeji Vern yupo na mikono anayo, mwache apande yeye.

Mimi ni mzima. Magoti yanalalamika asubuhi na kunyamaza mchana, na usingizi unakuja ukitaka wenyewe. Joto bado halijaondoka. Kwenye televisheni wanasema majira ya kupukutika majani yamekaribia, lakini huku sijui ni majani yapi hayo.

Sasa nije kwenye swali lako. Umeniuliza, tena kwa kukazia, kama zile waranti mbili alizoniachia Orrin, ya gari na ya nyumba, za kuwalipa watu ili kitu kikiharibika watengeneze wao, zina faida yoyote au natupa hela jangwani. Umesema wewe na Vern mmekaa, mmelijadili, na mmekubaliana niziache zife muda wake utakapokwisha mwezi huu. Ahsante kwa kunipangia maisha. Nilinuna kidogo, kisha nikaona heri nikujibu sawasawa, maana lazima niamue kabla mwezi haujaisha, na humu ndani sina wa kuamua naye.

Unamkumbuka shemeji yako alivyokuwa. Katika ndoa yetu yote, fundi hakuwahi kuvuka kizingiti chetu. Bomba, paa, breki, mashine ya kufulia, vyote vilipita mikononi mwake. Wauza waranti walipompigia simu aliwasikiliza kwa adabu mpaka mwisho, halafu akawaambia, "Kijana, hiyo ni ya watu wasiojua kushika spana," akakata.

Basi ile Aprili ya mwisho, tuliporudi kutoka hospitali na majibu yale, hakula. Alikaa mezani, akavaa miwani, akapiga simu mbili. Nikamsikia anataja umri wa gari, ukubwa wa nyumba, mwaka tuliofunga kiyoyozi. Nikamuuliza, "Wewe na waranti wapi na wapi?" Hakuniangalia. Akasema, "Dori, wewe spana hujui hata kuishika." Hakuwahi kuniambia kwa maneno mengine kwamba anakwenda. Kwa hiyo unaponiambia niziache, ujue ni kitu gani unaniambia nikiache.

Ya gari sina ugomvi nayo. Kioo cha mlango wa dereva kiligoma kupanda, wakakitengeneza bila maneno. Tena tuwe wakweli, wapo waliofaidika. Bi Phyllis wa kanisani alipewa jokofu jipya kabisa, na tangu siku hiyo anaihubiri waranti kuliko mchungaji anavyoihubiri Injili. Ukikaa naye kwenye kahawa baada ya ibada, lazima utasikia habari za droo ya mboga.

Mimi yangu yalinikuta Julai. Kiyoyozi kilikohoa Jumamosi asubuhi, kikanyamaza. Wewe uliyezungukwa na nyasi na maziwa hujui nyumba ya huku bila kiyoyozi ilivyo. Kufika adhuhuri mishumaa ya kabatini ilikuwa imeinama yote upande mmoja. Nikawapigia watu wa waranti. Muziki, kisha binti, kisha muziki tena. Binti mwenyewe ana sauti tamu. Akaniambia nilipie kwanza ada ya fundi kuja, na fundi atafika Jumanne. Nikamwambia, "Jumanne nitakuwa nimeiva." Akasema, "Nakuelewa, mama. Kunywa maji mengi."

Ofelia Barraza, jirani yangu, alinikuta nimekaa kwenye kivuli cha gereji na kitambaa kibichi kichwani. Alichukua mkoba wangu akatangulia nao kwake, nami ikabidi niufuate mkoba. "Ukifia hapo nje, polisi watakuja kuniuliza mimi," akasema, "na mimi nina nyama jikoni." Nikalala kwenye chumba cha mwanawe aliyeko jeshini, chini ya picha za wacheza mieleka, na asubuhi nikapewa tamale, ule unga wa mahindi wanaoupika ndani ya maganda yake, na yai juu yake. Biblia imesema afadhali jirani aliye karibu kuliko ndugu aliye mbali, na wewe usinune, si mimi niliyeiandika.

Jumanne fundi alikuja, kijana mpole, akafungua, akasema mota ya feni imeungua. Akaipigia ofisi. Ofisi ikataka risiti za kuonyesha kwamba kiyoyozi kilihudumiwa kila mwaka tangu kilipofungwa.

Risiti, Arlys. Kila Machi Orrin alikiosha kile chuma cha nje kwa mpira wa maji, akabadilisha vichujio, akakaza nati moja moja huku akiimba kwa sauti yake mbaya ambayo majirani wote waliijua. Nikaichukua simu mwenyewe nikamwambia bwana wa ofisini, "Aliyekihudumia ni mume wangu." Akasema, "Vizuri sana, mama. Tunahitaji tu risiti yake." Nikamuuliza, "Wewe ukimwoshea mkeo vyombo, huwa anakuandikia risiti?" Akasema ananielewa, kila mtu pale ananielewa, lakini bila ushahidi wao wanahesabu kwamba kiyoyozi hakijawahi kuguswa. Wakakataa kulipa.

Hapo nililia, mbele ya fundi na mbele ya Ofelia. Sikuilia mota. Nililia kwamba kazi yote ile ya mikono yake, kwa watu wale, haikuwahi kufanyika. Tena yeye ndiye aliyeinunua waranti ile ili mimi nisihangaike, na ikashindwa kunifaa kwa sababu alinifanyia kila kitu mwenyewe. Ofelia alinishika bega, akamwambia fundi atoke nje akaangalie mawingu. Mawingu hayakuwapo, lakini kijana alitoka.

Mota nililipia mwenyewe kwa fundi wa hapa hapa mtaani. Kwa hela nilizokwisha kuwalipa watu wa waranti tangu Orrin aondoke, ningenunua mota kadhaa na ningebakiwa na chenji ya kukununulia zawadi ya Krismasi. Kwa hiyo upande wa hesabu, wewe na Vern mko sahihi, na umwambie asijisifu sana. Mtu akiniomba ushauri leo nitamwambia asome ukurasa wa yasiyolipiwa kabla ya ukurasa wa yanayolipiwa, na kama anaweza kudunduliza, adundulize kwenye kopo lake mwenyewe. Kopo halimdai mtu risiti. Asiyeweza kudunduliza, huyo simlaumu akinunua.

Lakini upande wa hesabu si pande zote, na wewe sitakuficha. Majira ya baridi yaliyopita nilimwita fundi kwa ajili ya ile mashine ya kusagia makombo iliyo chini ya sinki. Mashine haikuwa mbovu. Kijiko kilikuwa kimekwama, na nilikuwa nakiona. Nikalipa ada, akaja mzee mmoja mwenye masharubu meupe, nikamtengea kahawa na keki ya limau. Akakaa, akanieleza habari za mbwa wake mwenye kisukari, kisha akatoa kijiko na kuondoka kwenda nyumba nyingine. Nilipomsimulia Ofelia, akasema, "Kwa hela hiyo ungeniita mimi. Ningekuja, ningekula keki, na sinki nisingeligusa." Tulicheka mpaka tukakaa chini.

Ila Ofelia ana wajukuu wa kulea na zamu za hospitali, siwezi kumwita kila nyumba inaponyamaza. Na nyumba hii inanyamaza sana, mdogo wangu. Mwanangu Kent ananipigia kutoka Alaska akiwa njiani kwenda kazini, na akifika kazini mazungumzo yameisha. Simlaumu. Kuna siku naiwasha mashine ya kufulia haina nguo, ili pawe na kitu kinachozunguka.

Bado kuna jambo ambalo sijamwambia mtu. Unawajua wale watu wasiojulikana wanaopiga simu kusema waranti ya gari lako inakaribia kwisha. Hata ninyi huko wanawasumbua. Mara nyingi ni mashine inayoongea. Siku nyingine ni mtu wa kweli, na mtu huyo anamuulizia Orrin, kwa kuwa simu na gari bado viko kwa jina lake. Wiki ile baada ya mazishi mmoja aliuliza, "Bwana Orrin Haugen yupo?" nami nikajibu bila kufikiri, "Yuko gereji." Basi ikawa ndiyo desturi yangu. Yuko gereji, mikono imejaa grisi, piga kesho. Nao kesho wanapiga. Rafiki zake wa kanisani hawamtaji tena. Wakinikuta dukani wanazungumzia joto, ili nisiumie. Wale wageni ndio waliokuwa wamebaki kulitaja jina lake wakitarajia atakuja kuipokea simu. Unaweza kunicheka, lakini usimwambie Vern.

Alhamisi iliyopita nilijikaza, nikawapigia watu wa waranti ya nyumba kuwaambia sitaongeza muda. Wakanipunguzia bei, nikakataa, wakanipunguzia tena. Nilipomaliza nao nilikuwa nimechoka kama mtu aliyehamisha kabati. Nikiwa bado nimekaa pale pale, simu ikalia. Alikuwa kijana, mgeni wa kazi, nilimsikia anasoma. "Naomba kuzungumza na Bwana Orrin Haugen kuhusu gari lake." Nikafungua mdomo kusema yuko gereji, na sikuweza. Nikasema, "Orrin alifariki, mwanangu. Mwaka juzi, mwezi wa Agosti."

Nilikuwa sijawahi kuitamka sentensi hiyo, Arlys. Siku alipofariki mchungaji ndiye aliyewaambia watu, na wewe uliambiwa na Kent.

Nyuma ya yule kijana nilisikia wenzake wakiongea, kila mmoja na mteja wake, nikajua karatasi anayosoma haina jibu la neno nililomwambia. Kisha akasema taratibu, "Pole sana, mama." Akakohoa. "Kwa hiyo gari sasa ni la kwako?"

Kazi ni kazi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa, maana hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe. Nasema gari la Orrin, gereji ya Orrin, kahawa ya Orrin, na ile kahawa nainywa mimi. Nikamwambia, "Ndiyo, ni la kwangu." Akaniuliza kama ningependa kulikatia waranti. Nikamwambia hapana, ahsante, na alifute jina la Orrin kwenye orodha yao. Akasema atalifuta. Nadhani alilifuta kweli, kwa kuwa tangu Alhamisi hakuna aliyepiga.

Basi jibu lako ndilo hilo. Ya nyumba nimeiacha, na ya gari nitaiacha ikifika mwisho wa mwezi. Sijuti, ila nimekuwa mpweke kuliko nilivyokuwa nilipoanza kuiandika barua hii jana. Zamani nyumba ilinyamaza kana kwamba mtu yuko gereji. Sasa nikipita kwenye ule mlango wa gereji nauona tu ni mlango. Na lile ombi lako kwamba nihamie huko kwenu, nipe muda, nisijibu mambo mawili kwa mpigo.

Msalimie shemeji Vern na umwambie kopo la kahawa alilonipa bado lipo, sasa lina kazi. Msalimie binti yako Joanie na watoto wake, na yule mdogo aliyenichorea ngamia mwambie huku hatuna ngamia, lakini nimembandika kwenye jokofu. Mungu aliyetulea na mama bila baba akulinde wewe na nyonga yako, akupe majira ya baridi mepesi.

Nina ombi. Najua sisi ni watu wa barua tangu enzi za mama, na simu inakuchosha sikio. Hata hivyo nipigie Jumapili, baada ya ibada. Nikipokea usianze na habari za nyonga wala za Vern. Uliza kwanza kama Doreen yupo, nami nitakujibu kwamba yupo.

Dada yako, akupendaye kuliko anavyojua kusema,

Doreen