Sanduku la Fundi Saa Haliuzwi

Kwako kifungua mimba wangu,

Shikamoo yako ya kwenye simu niliisikia, ila ulikata kabla sijaitikia. Basi marahaba yako hii hapa, naituma kwa barua. Simu zako siku hizi ni mama hujambo, mama nipo kazini, kwisha. Barua haikatwi. Hujambo lakini? Na mkwe wangu, kifua bado kinamsumbua? Mwambie anywe maji ya moto, aache ubishi. Mimi mzima, goti tu ndilo lina mambo yake, linanitangazia mvua kabla ya redio.

Anayeandika ni mwanao, huyu ninayemwita Sindano kwa wembamba wake, na kwa ulimi wake pia. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asininyooshee maneno. Mimi na herufi hatujuani. Namba ndizo tunazosalimiana nazo.

Sasa. Uliniambia niliuze lile sanduku la vifaa vya marehemu baba yako, eti mwenye mikono keshaondoka, vyuma vinapata kutu bure. Jibu lako lipo, linakuja, usiruke mistari kama ulivyokuwa ukiruka madarasa.

Laptop uliyompa mwanao, ile yako ya zamani, ilikuwa mgonjwa. Betri yake kubwa ilishakufa, inaishi kwa waya, na umeme wetu unakatika kama mtu mwenye kwikwi. Hilo si neno. Neno ni kwamba ikizimika, ikiwaka tena inasahau mwaka. Inarudi nyuma miaka kumi na kitu, baba yako yu hai na mimi meno yangu yote yamo mdomoni. Nikamwambia Sindano tuiache, pengine inajua raha ilikuwa wapi. Hakucheka. Alikuwa na mtihani wa kuingia chuo cha uuguzi, unafanywa humo humo kwenye kompyuta, Alhamisi, kwa muda wa saa mbili nzima, mara moja tu kwa mwaka. Na ukurasa wa chuo ukiona tarehe ya uongo unakufukuza. Kwenye mtihani wa majaribio ulimfukuza mara mbili, akawa anahangaika kurekebisha saa, huku dakika zinakwenda. Akalia. Unamjua mwanao, halii ovyo.

Tukaenda kwa fundi wa kompyuta pale njia panda, yule mwenye kitambi anayekula karanga juu ya mashine za watu. Akasema ndani mna kibetri kinachotunza saa, kimeisha, lakini foleni yake ni wiki mbili. Halafu akanitazama, akasema bibi, hii mashine ni mzee mwenzako, iacheni ipumzike. Nikamjibu wazee hatupumziki, tunabadilishwa betri. Nikamwomba anionyeshe hicho kibetri kinafananaje. Akatoa kimoja kwenye mashine mbovu. Mwanangu! Kumbe ni betri ya saa, imenenepa tu! Kama kifungo cha koti.

Tukapita dukani. Muuzaji akanipa kimoja, nikakishika kwa vidole viwili, nikamrudishia. Chembamba. Akaapa kwamba zote sawa. Nikamwambia soma, nataka mbili sifuri tatu mbili, hii yako inaishia na tano, itacheza humo ndani kama jino bovu. Akasoma, akatoa nyingine.

Nyumbani nikatandika kitambaa cheupe mezani, nikachomoa waya, nikafungua sanduku la baba yako. Skrubu kumi na moja. Kila niliyoitoa nikaiweka kitambaani kwa mpango ule ule iliokaa, maana fupi na ndefu hazibadilishani vitanda. Kifuniko cha chini kikabanduka. Sindano akanyakua kibano cha chuma ili akitoe kibetri, nikampiga kofi mkononi. Chuma kikigusa juu na chini ya betri kwa pamoja, kinainyonya kabla haijaanza kazi. Tunatumia kibano cha mti. Akaniuliza bibi umejulia wapi haya, nikasema nilikuwa nikimwangalia babu yako. Kipya kikaingia, maandishi juu, kikalia tik. Skrubu zikarudi zote, haikubaki hata moja.

Alhamisi, katikati ya mtihani, umeme ukakatika. Mimi nilikuwa mlangoni, nimekumbatia goti, hata kupumua naogopa. Uliporudi, mashine ikawaka na tarehe ya siku ile ile. Ukurasa wa chuo ukamkubali, akaendelea alipoishia. Jana jibu limekuja. Kapita! Mwandishi anataka kuandika amekuwa wa ngapi, namkataza, watu wasije wakasema tunaringa. Wa tatu.

Sasa lile jibu la sanduku. Sindano sikumwambia ukweli, na ninyi nyote sijawahi kuwaambia. Miaka sita ya mwisho mikono ya baba yako ilikuwa ikitetemeka, hata kikombe kilimshinda. Yeye alikaa mbele, kioo chake jichoni, anapokea saa za watu na kupiga soga. Mimi nyuma ya pazia, mkidhani nashona. Alinifundisha yote kwa mdomo, kwa uvumilivu, na akihisi nimekosea anakohoa. Wateja wakisifu kwamba mkono wa mzee hauzeeki, anasema hata mimi nashangaa. Tukifunga duka tunacheka mpaka machozi. Siri niliitaka mimi, asije akadharauliwa. Hata hiyo saa iliyo mkononi mwako, unayowaambia watu ni kazi ya mwisho ya baba, yeye aliifunga kwenye karatasi tu.

Kalamu imesimama, Sindano ananikodolea macho. Andika, mjukuu wangu, wino usikauke.

Usinikasirikie, mwanangu, wala baba yako usimpunguzie hata punje. Mikono ilikuwa yangu, ufundi ulikuwa wake. Lakini sanduku siuzi. Mwenye mikono hajaondoka, yuko hapa anakula uji. Na kile kibano cha mti nimeshampa mwanao, aanze kukizoea.

Msalimie mkwe wangu, na kila anayeniulizia mwambie nipo. Na saa yako ikianza kuchelewa, usimpe mtu. Niletee.

Ni mimi mama yako,
fundi saa.