Nilimpigia Kelele Sungura wa Binti Yangu

Bi Honorine mpendwa wa gazeti letu, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana Jumamosi wanatoa zawadi na mimi sijui nitakaa wapi, nitamtazama nani usoni, na tukiitwa kupiga picha ya familia nitaufungaje huu mdomo wangu ulioniletea balaa lote hili.

Mimi ni fundi baiskeli, karakana yangu iko hapa Cran-Gevrier, nimezaliwa Annecy na tamasha la filamu za katuni nimelijua tangu nikiwa nabebwa, kwa hiyo sina haja ya kukueleza Juni inakuwaje kwetu, mji unavyofurika watu wa kila lugha wenye vitambulisho shingoni, wanavyojilaza kwenye majani kando ya ziwa kutazama filamu za bure, na sisi wenyeji tunavyolalamika kwamba hakuna pa kuegesha gari huku tiketi zetu tumeshazinunua mapema kuliko wageni. Safari hii sikununua. Safari hii nilipewa kiti chenye jina langu, mstari wa katikati, kwa sababu filamu ya binti yangu Ombeline imechaguliwa kushindana. Niruhusu nirudie, Bi Honorine, maana nikiliandika hili najiona nimerefuka: kati ya maelfu ya filamu zilizotumwa kutoka Japani, Brazili, Kanada na dunia nzima, iliyotengenezwa nyuma ya karakana ya baiskeli ni moja tu, nayo ni ya mwanangu.

Ni filamu fupi, ya vikaragosi vya sufi, na imemchukua miaka minne, anasogeza kikaragosi kwa unene wa unywele, anapiga picha, anasogeza tena, anapiga tena, na siku ikienda vizuri sana hadi jioni bibi wa sufi anakuwa amemaliza kunyanyua kikombe. Mimi nikiwasha mashine ya kujaza upepo meza yake inatikisika, basi kwa miaka hiyo yote nimewajazia wateja matairi kwa pampu ya mkono, na wakiniuliza kulikoni nawanong'oneza kama niko kanisani, "Kuna filamu inatengenezwa humu ndani." Nilijivuna mpaka wengine wakaanza kunikwepa barabarani.

Filamu yenyewe inamhusu marehemu mama mkwe wangu, Bibi Zélie wa Manigod, aliyefuga sungura maisha yake yote, na siku aliyoihama nyumba yake kwenda makao ya wazee. Kila nilipochungulia mezani nilimwona bibi na kizimba kitupu, basi, na nikiuliza mwisho unakuwaje Ombeline ananisukuma nje. "Baba, toka. Utauona ukumbini kama watu wengine."

Sasa njoo Jumatatu. Ukumbi mkubwa umejaa pomoni, taa bado zinawaka, watu wanarusha ndege za karatasi kuelekea jukwaani kama kawaida yetu, nami nikakunja yangu nikairusha, ikapita juu ya vichwa vya watu wote ikatua jukwaani kabisa, ukumbi ukalipuka kwa makofi, nikasimama kupunga mikono, mke wangu Ghislaine akanivuta koti, "Kaa chini wewe, unatuaibisha!" Nikakaa, lakini moyo haukukaa. Taa zikazimwa, watu wakaanza gizani ile desturi yetu ya kuigiza samaki, po, po, po, kwa midomo, ikaja filamu ya ufunguzi, na sungura akakatiza kwenye skrini, na ukumbi mzima, mimi nikiwemo, "Sunguraaa!" Unajua mwenyewe. Hapa kwetu mtoto anajifunza kumpigia kelele sungura yeyote anayetokea kwenye skrini kabla hajajua kufunga kamba za viatu, na Ombeline nilimfundisha mimi, akiwa amekaa mabegani kwangu.

Filamu yake ilikuja ya tano. Jina lake likatokea kwa herufi kubwa, na jina la ukoo wetu humo humo, nikashika mkono wa Ghislaine mpaka akasema namvunja vidole. Bibi Zélie akavaa aproni yake ya buluu, akatoka uani, na muziki ukakatika. Kimya. Baadaye ndipo nilipoambiwa kwamba kimya kile ndiyo filamu yenyewe, kwamba Ombeline aligombana na mtu wa sauti miezi kadhaa ili pasisikike hata upepo. Watu hawakohoi, hata kiti hakilii. Bibi akafungua kizimba, ikatoka pua, yakafuata masikio mawili.

Bi Honorine, naapa sikufikiri. Nilisikia "Sunguraaa!" na aliyeisema ni mimi, na ukumbi mzima ukaitikia.

Walicheka, wakapiga makofi kwa furaha, hawakuwa na nia mbaya, na filamu ikaishia ndani ya zile kelele. Nimeambiwa yule sungura aligeuka akamtazama bibi mara ya mwisho, mimi sikuona. Taa zilipowashwa Ombeline akapanda jukwaani na wenzake, akatabasamu, akainamisha kichwa kushukuru, lakini mimi ninayemjua nilikitazama kidevu chake, na kidevu kilikuwa kinatetemeka.

Jioni tukala kwetu, soseji za kupikwa kwa divai nyeupe na viazi, ndugu wote mezani. Ombeline hakugusa sahani yake. Akamgeukia mjomba wake Fulbert, kaka wa mke wangu, ambaye ndiye mcheshi wa ukoo na hana siku anayoachia mzaha umpite.

"Mjomba, ulishindwa kabisa kufunga mdomo dakika moja?"

"Mimi?" akasema Fulbert. "Mimi nilikuwa nalia, mwanangu."

Meza nzima ikaangua kicheko.

"Unalia wewe?" mmoja akadakia. "Wewe uliyetuvunja mbavu kwenye mazishi yake Bibi?"

"Nilikuwa nalia, nyie! Yule ni mama yangu. Ile aproni naijua."

"Basi Ijumaa kalilie nyumbani," akasema Ombeline. "Onyesho la pili usije, mjomba. Sitanii."

Fulbert akanitazama mimi, kama shemeji anavyomtazama shemeji yake, akingoja nimtetee. Nikamwongezea viazi.

Ghislaine anajua, alikuwa kando yangu, mpaka leo sikio lake linauma. Jikoni nikamwambia nataka kusema ukweli, akanikatiza. "Nyamaza mpaka Jumamosi ipite. Mtoto ana waandishi wa habari, ana majaji, usimvuruge. Fulbert ngozi yake ngumu."

"Lakini kaka yako anaonewa bure."

"Kaka yangu namjua mimi. Wewe tuliza huo mdomo, japo mara moja katika maisha yako."

Basi nimetulia, na kutulia kwenyewe kunaniua, kwa sababu kila nikitoka watu wananisimamisha, "Wewe si ndiye baba wa yule wa sungura?" wananipa mkono, muuza jibini amenifungia jibini nzima ya reblochon akakataa hela, nami nacheka nao, najivuna kwelikweli, halafu nakumbuka uso wa Fulbert na kile kijiko cha viazi. Ningependa kusema. Lakini nikisema atanifukuza mimi badala yake, na miaka minne nimejaza matairi kwa mkono nikiingoja wiki hii, sitaki niisikilizie filamu ya mwanangu nje ya mlango. Nifanyeje? Tafadhali jina langu usilitaje.

Baba Mwenye Mdomo, Cran-Gevrier

*

Baba Mwenye Mdomo,

Hongera kwanza. Nakupa sasa hivi, kabla sijaanza kukuchapa, kwa sababu unastahili. Kumnyima mteja mashine ya upepo ili bibi wa sufi anyanyue kikombe, hilo si jambo dogo, na mji huu una haki ya kutembea kifua mbele kwa ajili ya binti yako. Nami natembea hivyo hivyo tangu Jumatatu.

Umeomba nisilitaje jina lako, halafu ukaniandikia baiskeli, Cran-Gevrier, vikaragosi vya sufi na Bibi Zélie wa Manigod. Baba wee! Nilijaribu kuyafuta hayo, nikaona hakuna barua inayobaki. Kwa hiyo elewa ulipo: leo ni Ijumaa, gazeti limeshatoka, na kila anayelisoma anakujua. Bahati yako ni kwamba unafungua karakana mapema, na wiki ya tamasha hakuna kijana, hata binti yako, anayeamka kabla ya saa nne. Una muda, si mwingi.

Ile kelele nakusamehe. Nilikuwa ukumbini, na uliposema neno lile niliitikia kabla akili haijanifikia, mtu mzima mimi, na mkoba mapajani. Mgeni wa kutoka Lyon asingeweza kukosea hivyo hata angetaka. Ni kosa la watu wa hapa, na siku ukilisimulia bila kutetemeka tutalicheka pamoja.

Viazi sikusamehei. Mwanamume alilia gizani kwa ajili ya mama yake, akakiri mbele ya meza nzima, na unajua vizuri kama mimi kwamba wanaume wa milima hii hukiri kuiba mbuzi kwanza kabla ya kukiri machozi. Alichopata ni kuchekwa na kufukuzwa. Yeye peke yake humo ukumbini aliitazama filamu kama binti yako alivyotaka itazamwe, naye ndiye aliyenyimwa kuiona tena! Na mtu pekee aliyeweza kumwokoa alikuwa ameshika kijiko.

Mkeo anakupenda, na hapa amekosea. Mwonyeshe mstari huu. Majaji ni watu wazima, wana macho, hawahitaji kulindwa na fundi baiskeli. Na ngozi ya Fulbert si ngumu hata kidogo, ndiyo maana anachekesha watu.

Sasa hofu yako, kwamba ukisema utafukuzwa. Inawezekana, na akikufukuza ana haki. Ila nikuulize jambo. Hiyo kelele binti yako ameisikia tangu akiwa mabegani kwako, mwaka baada ya mwaka, kwa sauti hiyo hiyo. Unadhani hakuitambua? Mimi naamini aliijua kabla hujaimaliza. Kumkasirikia mjomba ni kazi nyepesi, mjomba kazoea. Kumkasirikia baba aliyewajazia watu matairi kwa mkono ili meza isitikisike, hiyo ni ngumu, na amekupa nafasi tangu Jumatatu umwondolee kazi hiyo kwa kujitaja mwenyewe. Wewe unapokea jibini.

Basi nisikilize. Funga karakana, wateja watarudi. Anza kwa Fulbert, mwombe radhi mlangoni kwake, na akitaka kukutania kwanza mvumilie, hilo ni deni lako kwake. Mchukue, mwende wawili kwa Ombeline. Mwambie hivi: "Mjomba wako alikuwa analia. Aliyepiga kelele ni mimi." Ishie hapo. Usimtajie ndege yako ya karatasi, usimwambie furaha ilikuzidi, na usithubutu kumwambia watu waliipenda. Jioni, kwenye onyesho la pili, kile kiti chenye jina lako akikalie Fulbert. Wewe ukipewa kingine, ingia ukaone mwisho ambao hukuuona. Usipopewa, simama nje na ujivune huko huko, mlango hauzuii hilo.

Na ukishamwambia, funga mdomo. Mtoto huyu alipigania kimya, akakipata, ukamnyang'anya mbele ya ukumbi mzima. Mrudishie leo, hapo hapo mlangoni kwake, kiwe kirefu kadiri anavyotaka, na wa kukivunja awe yeye.

Bi Honorine